Mume wangu kwenye picha ya 23

Ukisema siku hizi unapiga picha kwa kamera ya filamu, zile za mkanda, watu wanakutazama kama umesema unakwenda Arusha kwa baiskeli. Mume wangu mwenyewe alicheka. "Mke wangu, picha 36 tu? Simu yangu inazimaliza hizo kabla chai haijapoa."

Sikumbishia. Nasomea upigaji picha, na kazi ya muhula ilikuwa maisha ya mjini kando ya maji. Nikachagua Feri, pale Kivukoni, kwa sababu tunaishi Kigamboni na ndo njia yetu. Daraja la mita 680 lilifunguliwa 2016, sawa, lakini sisi wa miguu tunaokwenda Posta bado tunabanana kwenye pantoni.

Jamani, Feri si pa kuchezea. Asubuhi jua linakuja upande wa bahari, maji yanang'aa kama bati jipya, na kipima mwanga cha kamera kinadanganyika. Kinaona mwanga umezidi, kwa hiyo watu wanatoka weusi ti, kama vivuli. Dawa yake ni kuongeza mwanga hatua moja au mbili, uwapimie watu na sio maji. Halafu kuna wauza samaki. Usiposalimia na kuomba, utasikia, "We dada, unatupiga picha ukatuuze wapi?" (Wana haki, mimi naona.) Na lenzi usiielekeze Ikulu, iko jirani pale pale.

Kwa kuwa mkanda haukuonyeshi ulichopata, mwanafunzi unaandika kila kitu kwenye daftari: namba ya picha, siku, saa, kasi. Nikapeleka kusafisha. Nikasubiri wiki mbili.

Namba 23 ni geti la pantoni linafunguliwa, umati unamiminika. Siku ile macho yangu yote yalikuwa getini. Sasa naona pembeni, kwenye ukuta, kakaa mwanamume anaangalia maji. Nikachukua kioo cha kukuzia. Shati lile nililipiga pasi mimi. Daftari likasema: Jumanne, saa nne na nusu asubuhi. Saa ambayo mume wangu yuko ofisini.

Wazo la kwanza unalijua, msomaji. Anamsubiri nani pale?

Jioni nikaiweka mezani, kando ya sahani yake. Aliitazama muda mrefu.

"Mkataba haukuongezwa," akasema. "Miezi miwili sasa. Nilitaka nipate kingine kwanza ndo nikwambie."

Kilichoniuma sio kazi. Kazi huisha, sote tunajua. Ni zile asubuhi zote, anafunga tai, ananibusu, "nachelewa", halafu anakwenda kukaa ukutani mpaka jioni. Tuliongea hadi saa nane usiku, na sio kwa upole wakati wote. Kesho yake tukakaa na kalamu: kodi, ada yangu, nauli. Mashati ya ofisini kayakunja mwenyewe, kayaweka kabatini.

Kwa upande wa picha, 23 ndiyo bora kuliko zote 36. Mwanga umekaa, uso hauonekani vizuri lakini mabega yanasema. Mwalimu angeipenda. Mume wangu kaniomba nisiipeleke, nikapeleka ya wauza samaki. Kisha nikakata kile kipande kimoja cha negativu, jambo ambalo mpiga picha halifanyi, nikampa. Anakaa nacho kwenye pochi.