Grisi Kabla ya Kuzama

Nilipokabidhiwa vijana wanne niwasimamie kazini, niliamini kwamba kiongozi hasa ni yule anayeogopwa. Siku moja, katika habari ya msiba niliyoiandika kwa mkono wangu, niliweka jina la ndugu aliye hai mahali pa jina la marehemu. Kijana mmoja aliliona kosa hilo kabla ya kuchapwa, akanyamaza. Wafiwa wakaongezewa uchungu juu ya uchungu. Nilipomwuliza sababu, alijibu akitazama sakafu: "Nilikuogopa, kaka."

Jibu hilo nilikwenda nalo likizo Ujiji, kwa mjomba wangu, fundi wa mitumbwi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanichukua hadi bandarini Kigoma akanisimulia habari za meli ya Liemba.

Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Ilikuja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Hapo Anton Rüter na wenzake wawili kutoka Ujerumani, pamoja na mafundi wa Kihindi na vibarua wengi wa Kiafrika, waliiunga upya, ikashushwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, Wajerumani wakirudi nyuma vitani, mafundi hao hao waliamriwa kuizamisha.

"Sasa sikiliza, mpwa wangu," mjomba alisema. "Kabla ya kuizamisha, waliipaka mitambo grisi nzito."

Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakaikuta mitambo ingali inafaa, na mwaka 1927 meli ikaanza safari kwa jina la Liemba.

Msomaji, nilijifunza mambo mawili. Kwanza, hakuna kichwa kimoja kiwezacho kubeba masanduku 5,000. Msimamizi humtegemea hata yule afunguaye sanduku dogo, na asiposikia sauti yake, kipande kitakosekana. Lakini majina ya vibarua wale ni nadra kutajwa, nami nilikuwa nikitenda vivyo hivyo kwa vijana wangu. Pili, grisi hupakwa kabla ya maji kuingia. Wema unaoanza baada ya kosa kutokea huwa umechelewa. Mtu aliyezoea kukaripiwa hawezi kusema kweli siku ya hatari.

Niliporudi kazini nilimwomba radhi kijana yule mbele ya wenzake. Zikapita wiki tatu ndipo akathubutu kunisahihisha, tena nukta tu. Nilimshukuru kana kwamba ameokoa gazeti zima.

Je, nyumbani kwako, mtoto akivunja kikombe, hukimbilia kwako au huficha vigae? Jibu unalo wewe, mzazi mwenzangu.