Kwa Mwanangu Anayekuja Kuwarekodi Wala Pilipili

Rau, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, na baba yako amenieleza kwa simu kwamba kazi yako ya mwisho chuoni itakuwa dokumentari kuhusu watu wanaopenda pilipili kali, na kwamba umeamua kuja kuirekodi hapa nyumbani. Nimefurahi sana. Nimeuza viungo pale Mbuyuni tangu hujazaliwa, na wateja wa pilipili nawafahamu kuliko wateja wangu wengine wote. Acha basi nikuambie niliyo nayo kabla hujafunga begi.

Umeandika kwamba utaanza na mashindano: vijana mezani, sahani ya pilipili mbuzi, na zawadi kwa atakayevumilia hadi mwisho. Hilo liache, mwanangu. Septemba 2023 kijana wa miaka 14 huko Massachusetts, Marekani, alifariki baada ya kula kipande kimoja cha chipsi za mahindi kilichopakwa unga wa pilipili kali kupita kiasi, mchezo uliokuwa umeenea mitandaoni. Uchunguzi ulikuta pia kwamba moyo wake ulikuwa na hitilafu. Wewe utajuaje nani kati ya vijana wako ana moyo wa namna hiyo, au pumu, au vidonda vya tumbo? Na hata wote wakiwa wazima, utapata nini? Machozi na kamasi si ushahidi. Anayeipenda pilipili na anayeichukia hulia vilevile. Watazamaji watacheka kidogo, na watatoka bila kujua mla pilipili anapenda nini na kwa nini.

Mapenzi ya pilipili yanaonekana kabla haijafika mdomoni. Njoo ukae nyuma ya meza yangu asubuhi mzigo unapofunguliwa, uwaangalie. Mpenzi wa kweli hachukui fungu lilivyopangwa. Anaokota moja moja, anatazama kikonyo kama bado ni kibichi, anaibonyeza kidogo kusikia kama ganda limekaza, kisha anakwangua ngozi kwa ukucha na kuinusa. Pilipili mbuzi hununuliwa kwa harufu kwanza, ukali utajileta wenyewe. Wa pilipili kichaa hanusi, anaangalia rangi, maana kuna wanaotaka za kijani kwa supu na wanaotaka nyekundu za kuanika. Yupo mzee mmoja humimina fungu lote kiganjani, akarudisha mezani zile zilizoanza kulainika, akaomba fidia ya mbili tatu, na hakuna anayemkatalia. Kamera yako iwe kwenye vidole vyake. Uso wake usubiri.

Ukitoka sokoni, nenda kwenye supu na kisusio. Chakula chetu cha mlimani ni kipole, wewe mwenyewe umekulia mtori, machalari na kiburu. Pilipili haipikwi humo ndani, huwekwa pembeni ili kila mtu ajipimie. Ndiyo maana hapa Uchagani mpenzi wa pilipili anajulikana mezani mara moja. Bakuli likitua, wenzake wanaonja chumvi, yeye macho yanatafuta chupa au kisahani. Anachukua kichaa mbili, anazibana kwa mgongo wa kijiko ukingoni mwa bakuli hadi zipasuke, anakamua ndimu, anakoroga, halafu anasubiri. Kule kusubiri usikukate unapohariri. Ni hapo utakapomwona mtu akiwa na kitu chake.

Na ukipata nafasi ya kumhoji, usimuulize anaweza kula ngapi. Muulize ni nani alimwona akila kwanza. Paul Rozin, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alichunguza kijijini huko Mexico jinsi watu wanavyokuja kuipenda pilipili, na kuchapisha uchunguzi huo mwaka 1980 pamoja na mwenzake. Mbwa na nguruwe wa kijiji walikuwa wakila makombo yenye pilipili, lakini wakipewa nafasi ya kuchagua, walikwenda kwenye chakula kisicho nayo. Watoto wa watu walikuja kuipenda pole pole, bila kulazimishwa, kwa kukaa tu na wakubwa wanaoila. Kwa hiyo nyuma ya kila mla pilipili kuna baba, bibi, mpishi wa bweni, dereva aliyesafiri naye. Mtafute huyo. Filamu yako iko kwake.

Utatamani kuweka sayansi, na iweke, ila iwe kwenye ubao wa jikoni. Pasua pilipili mbuzi katikati, uonyeshe ule utando mweupe ulioshika mbegu. Watu wengi wanaamini ukali uko kwenye mbegu, kumbe kapsaisini inayoleta ukali huo inatengenezwa kwenye utando, na mbegu hupakwa tu kwa kuwa jirani. David Julius, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, ndiye aliyegundua na wenzake mwaka 1997 kipokezi kinachoisikia. Kipokezi hicho hicho ndicho kinachotuambia kwamba kitu kina moto wa kuunguza. Mtu anaposema kinywa kinamuungua, mwili wake umepewa taarifa ya moto kweli, ingawa hakuna kilichoungua. Ndege hawaisikii, ndiyo maana wanakula pilipili zangu za uani na kuziotesha hadi kwa jirani. Mambo ya vipimo vya ukali vya Scoville, vya tangu 1912, yape sentensi moja na upite.

Sasa nikupe jambo ambalo sidhani umelifikiria. Wapo watu huku kwetu wanaoithamini pilipili na wala hawaili. Nenda Magharibi mwa Kilimanjaro, kwenye hifadhi ya jamii ya Enduimet, ambako tembo huingia mashambani. Wanakijiji wanaolinda mazao hutumia tochi kali, honi, na unga wa pilipili unaorushwa kwa fataki, na tembo mwenye pua ile hurudi nyuma bila mtu kuumia wala mnyama kuuawa. Sehemu nyingine wakulima huchanganya unga wa pilipili na oili chafu, wakapaka kwenye vitambaa na kamba za kuzungushia shamba. Mkulima aliyevuna mahindi yake kwa sababu ya pilipili ana neno la kusema, na kwenye filamu yako atasimama vizuri kando ya yule mzee wa supu. Ila huko usiende usiku bila wenyeji, hata mwalimu wako akikuhimiza vipi.

Tafuta pia filamu ya Les Blank ya mwaka 1980 kuhusu wapenzi wa kitunguu saumu, inaitwa *Garlic Is as Good as Ten Mothers*. Tazama alivyowaacha watu wamenye, wakaange, wale na kubishana, naye hana haraka. Huyo bwana alikuwa akipasha kitunguu saumu ukumbini ili harufu iwafikie watazamaji. Kwa pilipili huwezi, ikigusa mafuta ya moto ukumbi mzima utakohoa. Kwako itabidi sauti ifanye kazi hiyo. Rekodi kinu kikitwanga. Pilipili ikiwa kikaangoni jikoni kwangu, wewe na maiki yako kaeni sebuleni, mrekodi kikohozi cha kwanza cha wageni na yule atakayesema fungueni mlango. Azima maiki nzuri hata kama kamera itakuwa ya kawaida.

Mikono yako nayo uitunze. Ukishika pilipili, jipake mafuta ya kupikia kwanza, usugue, ndipo unawe kwa sabuni, kwa sababu kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta na maji peke yake hayaiondoi. Usiguse lenzi wala jicho kabla ya hapo. Maziwa yawepo mezani kila unaporekodi watu wakila.

Kuhusu ruhusa, fuatilia taratibu za Bodi ya Filamu mapema, uje na barua ya chuo, na uipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa uongozi wa soko kabla hujawasha kamera. Mtu akikukatalia na kukuambia pilipili usiyoila yakuwashiani, usibishane naye. Zima kamera, nunua fungu lake, msalimie tena kesho. Wengi wa hao ni wateja wangu na majirani wa baba yako, na watabaki kuwa hivyo ukishapata alama zako. Fomu za kukubali kurekodiwa ziandike kwa Kiswahili chepesi, useme wazi filamu itaonyeshwa wapi na kama itapandishwa mtandaoni. Nitumie hizo fomu nizisome kabla hujazichapa.

Mimi shangazi yako