Joka Lililopigwa Pasi

Nyumbani kwetu Tanga karata hazipiti mlangoni. Mama akiziona anaona kamari, basi. Ndiyo maana zangu zililala ndani ya kamusi, kila kiumbe kwenye herufi yake.

Usinicheke, msomaji. Hizi si karata za shupaza na kopa. Ni za Magic: The Gathering, mchezo aliobuni Richard Garfield, ukatoka Marekani mwaka 1993. Unanunua pakiti imefungwa, hujui ndani kuna nini. (Mama hakukosea sana.)

Mtoto wa mjomba, aliyeko Seattle, alikuwa akinipa za ziada kila alipopata mtu wa kuja huku. Wa kucheza naye sikuwa naye. Nilitaka zile za kung'aa tu, ambazo zilipoanza kutiwa kwenye pakiti mwaka 1999 zilikuwa kama moja katika kadi 100. Ukiigeuza chini ya taa, rangi inakimbia kona hadi kona, mabawa yanachezacheza. Nilikuwa nazo 11. Mkubwa wao ni Shivan Dragon wa toleo la mwaka 2001, joka jekundu la kutema moto. Kila usiku nililitungia kisa. Hadithi yangu ya kwanza ndefu, madaftari mawili, ni yake.

Sasa joto la pwani, bwana! Karatasi hunywa unyevu ikatanuka, ule utando wa kung'aa haunywi. Kadi ikapinda, ncha zikainuka kama ngalawa. Zote zilipinda, ila joka ndilo lililoniuma. Masika moja, niko kidato cha pili, nikawasha pasi ya mkaa, nikatandika kanga juu yake, nikabonyeza taratibu, najiona fundi. Kufunua, we acha tu. Utando umeota malengelenge, nusu ya bawa imeganda kwenye kanga ya Mama.

Mwaka jana kaka akapiga simu. Kazi imekwisha, kodi ya nyumba inamkaba. "Mdogo wangu, lile joka unalo bado? Huku linauzwa hela ya maana. Kuna mtu anakuja Tanga, mpe aniletee."

"Lipo, kaka," nikajibu chapuchapu.

Na kweli lipo, herufi J, limenyooka sawasawa.

Mtu wake alifika Jumapili. Nikampa zile kumi zilizobaki, nimezifunga kwa mpira, pamoja na barua ya kurasa nne. Niliianza upya mara sita. Mtunzi mzima, neno moja tu, "nimeliunguza", lilinishinda mpaka ukurasa wa mwisho.

Kaka hajapiga tena.