Ngano ni mwiko wangu

Siku ya tatu tangu nitue Dar nilikuwa nimejikunja kitandani, Tandika, tumbo limejaa kama ngoma. Wifi alishasema nikapime taifodi. Mama alisema minyoo. Jirani aliyekuja kunijulia hali akauliza, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, kama nina ujauzito.

Kumbe ni uji wa lishe.

Naishi Leicester mwaka wa 11 sasa, na huko ndiko nilikopimwa: kwanza damu, kisha kamera ikapitishwa kooni hadi utumbo mdogo, wakachukua vinyama vya kupima. Ugonjwa unaitwa siliaki. Gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, ikiingia tumboni, kinga ya mwili inageuka kuushambulia utumbo wenyewe. Chakula hakinyonywi sawasawa, damu inapungua, unachoka bila kazi. Hakuna kidonge. Unaacha, basi, maisha yote. (Ukijishuku, usiache ngano kabla ya kupimwa, ukishaacha, kipimo kinaweza kusema u mzima.)

Uingereza, kuacha ni kusoma. Tangu Desemba 2014 anayeuza chakula analazimika kisheria kusema kama ndani yake mna kimojawapo cha vitu 14 vinavyosababisha mzio, na nafaka zenye gluteni zimo. Pakiti ikiandikwa haina gluteni, ukomo wake ni miligramu 20 kwa kilo. Nasimama dukani nasoma kama karani wa mahakama. Mkate wenyewe ni ghali, na ukiupaka siagi unavunjika mkononi.

Kwa hiyo nilipanda ndege najiona naenda peponi. Ugali, wali, mihogo, ndizi, makande, samaki wa Feri: vyote havina gluteni, wala havihitaji pakiti. Kwa asili jiko la kwetu ni salama kuliko duka lote la Leicester. Ila hakuna anayeandika kilichoingia humo. Uji wa lishe ule ulikuwa na mahindi, ulezi, mtama, soya, karanga na, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, ngano kidogo "ya kuongeza nguvu". Vitumbua ni vya mchele, lakini wapo wapishi wanaotia kijiko cha unga wa ngano ili vishikane. Kibanda cha chipsi kinakaanga soseji kwenye mafuta yaleyale, na soseji nyingi zina ngano. Urojo wenyewe uzito wake ni unga wa ngano.

Nililala siku mbili. Maji, uji wa mchele mtupu, usingizi. Hakuna cha kuharakisha. Maumivu yanaisha kwa siku, ila utumbo ulioharibika kabla ya kugunduliwa hupona kwa miezi, wengine hata miaka. Nikiwa nimelala nikamsimulia Mama kisa cha Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Katika njaa ya mwaka 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika, aliona watoto wake wagonjwa wa tumbo wakipata nafuu, na shaka yake juu ya ngano ikapata nguvu. Mama akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo wenzao wanakonda, wao wananawiri?"

Kisa alikielewa. Chapati ndiyo iliyomshinda. "Mwanangu, hii ni chapati ya maji tu. Hata nusu?" Kwa shangazi Tegeta ilikuwa hivyohivyo, na sambusa juu. Leicester mhudumu akisikia gluteni anakimbilia jikoni kuuliza; kwetu neno hilo halimwambii mtu kitu, na anayekataa sahani ya mwenyeji anaonekana ana maringo ya Ulaya. Nilieleza utumbo, kinga, vipimo. Bure.

Siku moja kwa mama ntilie, Mbagala, nimechoka kueleza, nikasema tu: "Mama, ngano ni mwiko wangu." Akaniangalia. "Mwiko wa kwenu?" Nikasema ndiyo. Hakuuliza tena. Alihamisha sufuria, akanipakulia wali na maharage kwa upawa mwingine, akamwonya binti yake asishike sahani yangu na mikono ya maandazi. Nilidanganya kidogo, najua. Lakini sheria ya Uingereza haijawahi kunilinda kwa heshima ile.

Nyumbani Mama alinunua mwiko mpya wa kusongea ugali wangu, akaufunga uzi mwekundu. Kilichobaki ni mashine ya kusaga, inayopitisha ngano ya lishe na mahindi yangu katika jiwe moja. Hapo nimekubaliana na kijana wa mashine: naenda alfajiri, anakung'uta na kufagia kwanza, na kilo mbili za mwanzo hazinihusu. Zinaliwa na kuku wa Mama, nao wamenenepa.