Kilemba na Makato

Katika Kiswahili cha pwani neno kilemba lina maana mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua, ni kile kitambaa kinachozungushwa kichwani. Ya pili inaanza kusahauliwa: ni malipo ya heshima ambayo mwanagenzi humpa fundi wake siku anapohitimu. Aliyejifunza useremala au uhunzi alikaa kwa fundi miaka kadhaa, akifagia, akibeba mbao, akitumwa sokoni, na kazi ya mikono yake ikiingia katika mfuko wa fundi. Hiyo ndiyo iliyokuwa ada yake. Siku alipoweza kusimama peke yake alipeleka kilemba, pengine nguo, pengine fedha, fundi akakipokea na kumwombea dua, na hesabu ikafungwa. Haikuwa elimu ya bure, na asemaye kwamba wazee walifundishana bure anasema maneno matamu tu. Mwanagenzi alitumikishwa, na walikuwapo mafundi waliochelewesha makusudi kufunua siri ya mwisho ya kazi, ili wasiipoteze mikono iliyowatumikia. Hata hivyo, deni lile lilikuwa na mambo mawili yanayostahiki kukumbukwa: mdaiwa alimjua mdai wake kwa sura, na wote wawili walijua litakwisha kwa jambo gani.

Neno lililokalia kiti cha kilemba siku hizi ni makato.

Kuna mwalimu mmoja wa hesabu na fizikia, mzaliwa wa Unguja, aliyevuka bahari mwaka 2010 kwenda kusoma Dar es Salaam kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Ya Zanzibar yenyewe haikuwa imezaliwa bado, ilikuja mwaka 2011. Ada, vitabu, mafunzo kwa vitendo na fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi wameipa jina la bumu, vilifika jumla ya shilingi milioni 12 alipomaliza mwaka 2013. Bumu lenyewe lilipoingia lilipokewa kwa shangwe, kama jina lake linavyovuma. Wahenga walikwisha kusema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Januari 2014 aliajiriwa na shule ya sekondari ya watu binafsi, kwa mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Kwa mtoto wa mvuvi zilikuwa fedha nyingi, na ndivyo zilivyosemwa nyumbani kwao. Lakini mshahara unaotajwa barazani si ule unaofika mkononi. Hati yake ya mshahara ya mapema mwaka 2017 inasimulia hadithi hiyo kwa ufupi: mfuko wa hifadhi ya jamii 80,000, kodi ya mapato 98,100, Bodi ya Mikopo 120,000, na kinachobaki 501,900. Hapo hajalipa kodi ya nyumba wala nauli ya daladala, wala hajapeleka kitu kwa mama yake.

Hiyo 120,000 ndiyo inayotaka kuangaliwa kwa makini. Mwezi uliotangulia ilikuwa 64,000. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa, na kiwango cha makato kikapanda kutoka asilimia 8 ya mshahara wa msingi hadi asilimia 15. Wengi walilalamika kwamba mikataba waliyoitia saini ilitaja 8. Walijibiwa kwa hoja iliyo na uzito wake, kwamba fedha hizo ndizo zinazokopeshwa wadogo zao, na kila anayechelewesha shilingi anamchelewesha mwingine mlangoni mwa chuo. Ni kweli. Lakini fundi aliyeagana na mwanagenzi wake juu ya kilemba cha kanzu moja, kisha siku ya kuhitimu akadai kanzu mbili kwa kuwa wanagenzi wengine wanangoja, angesemwa mtaa mzima, hata kama wanagenzi hao kweli wapo.

Juu ya hayo palikuwa na tozo. Deni lilitozwa asilimia 6 kwa mwaka, na tozo hiyo ikapewa jina refu la kulinda thamani ya mkopo. Hapa inafaa kufanya hesabu, kwani malalamiko bila hesabu ni kelele. Asilimia 6 ya milioni 12 ni 720,000 kwa mwaka, yaani 60,000 kwa mwezi. Mwalimu alikuwa akikatwa 64,000. Basi katika mwezi wa kwanza wa kulipa, shilingi 60,000 zililinda thamani na 4,000 zikapunguza deni. Kwa mwendo huo, hata ukichukulia kwamba tozo inapigwa mwezi kwa mwezi juu ya kilichobaki, baada ya miaka 3 kamili atakuwa amekatwa shilingi 2,304,000, na deni limepungua kwa 157,000 na ushei tu. Mshahara ukibaki vilevile, deni lingemalizika baada ya miaka 46. Aliyeanza kazi na miaka 24 angelimaliza akiwa na 70, ilhali kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Kwa asilimia 15, iliyolaaniwa kwa haki kwa namna ilivyoletwa, deni hilohilo likilipwa tangu mwanzo lingekwisha katika miaka 11 na miezi 7. Kichekesho ni kwamba ongezeko lililomuumiza ndilo lililompa tumaini la kumaliza.

Likizo moja alimweleza haya mjomba wake, mchonga milango wa Mji Mkongwe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huko wanakulipa au wanakufungisha?"

Akamwonyesha karatasi. Mzee akaisoma kwa miwani yake, polepole, kidole kikiteremka safu kwa safu.

"Hii asilimia 6 juu ya deni, kwa lugha yetu si riba hii?"

"Wanasema ni kulinda thamani, mjomba. Shilingi inashuka."

"Inashuka, kweli. Na ikipanda, watakurudishia?"

Swali la mzee si la mzaha, na jibu lake limo katika tarakimu. Mwishoni mwa mwaka 2011 mfumuko wa bei Tanzania ulikaribia asilimia 20. Wakati huo asilimia 6 isingelinda hata nusu ya kilichopotea, na Bodi ingeweza kudai kwa haki kwamba inakopesha kwa hasara. Lakini kuanzia 2018 hadi 2021 mfumuko ulikuwa chini ya asilimia 4 kila mwaka, na tozo ikabaki 6. Kinacholinda thamani hufuata thamani. Kisichoifuata kina jina jingine, na Waislamu wa visiwa hivi, waliozoea kukopeshana karadha isiyo na nyongeza, hawakuhitaji mfasiri wa kuwatajia jina hilo.

Haikuwa hivi siku zote. Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume alitangaza elimu bila malipo Zanzibar, na siku hiyo huadhimishwa mpaka leo. Bara nako mwanafunzi wa chuo kikuu alisomeshwa na dola, lakini hakuachiwa aende zake. Deni lake lilihesabiwa kwa utumishi. Mwaka 1966 serikali iliwataka wahitimu watumikie taifa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo kwa asilimia 40 ya mshahara wao. Oktoba mwaka huo wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Wengi wanaikumbuka fukuzo hiyo na kusahau jambo la pili alilolifanya siku ileile: aliukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, akiona kwamba vijana wale walijifunza kutamani kwa kuwatazama wakubwa. Ukali wake unaweza kujadiliwa, kwani kumfukuza mwanafunzi ni kumpotezea yeye na taifa kile kilichokwisha kulipiwa, na wengi wao walirudishwa mwaka 1967. Lakini ulikuwa ukali ulioanzia mezani kwake. Aliyepandisha 8 kuwa 15 hakusikika akijikata.

Kisha fedha za dola zikapungua, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaingia sera ya kuchangia gharama. Kuanzia 1994 wanafunzi walipewa mikopo, ila aghalabu hawakuiona kuwa mikopo, maana hapakuwa na chombo cha kuidai. Bodi ilipokuja, miaka zaidi ya 10 baadaye, ilipewa kazi ya kuyakusanya na madeni hayo ya zamani, na watu wazima wenye watoto walishtuka kuona barua.

Na mishahara? Mwaka 2012 madaktari waligoma zaidi ya mara moja. Miongoni mwa madai yao ulikuwamo mshahara wa kuanzia wa shilingi milioni 3.5 kwa mwezi, na serikali ikajibu kwamba haina uwezo huo. Daktari husoma miaka 5 na kufanya kazi ya mafunzo mwaka mmoja kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Mgomo wa daktari ni jambo la kutisha, na wagonjwa waliopata taabu hawakuwa wadeni wa mtu. Lakini katika ubishani ule wote, uliojaza magazeti, mara chache sana mshahara uliwekwa kwenye mizani pamoja na deni la aliyeupokea. Ilipimwa hazina kwa upande mmoja na uroho wa madaktari kwa upande wa pili.

Mjomba alikuwa na mizani yake. Kijana aliyeanza kuchonga kwake mwaka uleule mpwa wake alipovuka bahari, alikuwa na kiwanja kabla mwenziwe hajahitimu. Milango yake ilinunuliwa na hoteli. Mzee alilisema hili bila kejeli. Mwaka 2020 korona ilipokata watalii, milango ilisimama karakanani miezi kwa miezi, na kijana yule akauza nusu ya kiwanja. Mwalimu walau alikuwa na mkataba. Basi nani alifanya biashara nzuri zaidi? Hesabu ya namna hii hubadilika kila mwaka unapoifunga, na mzazi anayemwamulia mtoto kwa kuitazama mara moja tu anabahatisha.

Mei Mosi 2021, mjini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta ile tozo ya asilimia 6, na ikakoma Julai mwaka huo. Asilimia 15 zilibaki. Mwalimu alikaa usiku huo na kalamu. Alikuwa bado anadaiwa milioni 8 na kidogo, na kwa mara ya kwanza aligawa tu, bila kuongeza: miezi 68. Aliiandika tarehe ya mwisho nyuma ya kalenda ya ukutani, kwa penseli.

Rafiki yake waliyekaa naye chumba kimoja chuoni hana tarehe. Naye alisomea ualimu, naye alikopa, lakini hakupata ajira. Anafundisha tuisheni jioni kwenye ukumbi wa nyumba ya shangazi yake, watoto 11, kila mmoja akileta anachoweza, mwengine fedha, mwengine samaki. Hana hati ya mshahara, basi hakuna wa kumkata. Alipoulizwa deni lake limefika wapi, alisema hajui, kwa kuwa hajawahi kwenda kuuliza, akageuka kumsahihishia mtoto mmoja kanuni ya kipeo cha pili.