Tone Chini ya Injini

Vijana wenzangu, wengi kati yenu mnaendesha pikipiki, au mnakula kwa jasho la ndugu anayeiendesha, kwa hiyo hamtashangaa nikianza na tone la mafuta. Miaka kadhaa iliyopita, kule Bukavu, yaya wangu alikuwa akinikabidhi pikipiki yake ndogo kila siku saa saba mchana, baada ya yeye kuitumia tangu alfajiri. Mapato yake yalitulisha watu saba na kuwalipia karo wadogo zetu wawili. Alinipa sharti moja tu: nisiipitishe kwenye madimbwi.

Niliipitisha. Mvua ilikuwa imenyesha, mteja alikuwa na haraka, na maji ya matope yakapanda hadi juu ya injini. Siku chache baadaye, nilipoiegesha uani usiku, niliona doa jeusi chini yake. Nilijua moyoni kwamba mambo hayo mawili yalihusiana, ingawa sikujua kwa namna gani. Basi nikawa naamka kabla ya yaya, napangusa injini kwa kitambaa, kisha namwaga majivu juu ya doa. Nilifanya hivyo kwa muda wa karibu majuma mawili.

Wakati huohuo nilijaribu kuponya nisichokielewa. Tone lilikuwa likining'inia kwenye bolti ya kumwagia mafuta, ile iliyo chini kabisa ya injini, nami nikaihukumu bolti. Nikatafuta spana ndefu, nikaikaza. Tone likarudi. Nikaikaza zaidi, mpaka ghafla ikawa nyepesi mkononi, ikizunguka bila kushika. Mwili wa injini ni wa alumini, nayo ni laini kuliko chuma cha bolti. Nyuzi zilikuwa zimekatika. Nikaizungushia uzi wa plastiki, nikanyamaza.

Siku ya tatu nilikuwa nikiteremka kutoka Kadutu nikiwa nimembeba mama mmoja na mfuko wake wa unga. Kwenye kona, gurudumu la nyuma likateleza kana kwamba limekanyaga sabuni. Hatukwenda kasi, kwa hiyo tuliangukia ubavu tu, lakini goti la yule mama lilichubuka, na nusu ya unga ikamwagika barabarani. Nilipoinama kuinua pikipiki niliona kwamba ubavu wa tairi ulikuwa uking'aa kwa mafuta. Nikasema, «Mama, unisamehe.» Akaniangalia, kisha akauangalia unga wake. Hakunijibu.

Niliisukuma pikipiki hadi kwa fundi mzee aliyefanya kazi chini ya turubai. «Papa,» nikamwambia, «bolti ya chini inavuja.» Akaniuliza nani aliyeniambia ni bolti. Nikasema nimeona tone pale. «Tone huonekana mahali linapoangukia,» akasema. «Mahali linapotoka hujapatazama.»

Alianza kwa kuosha. Aliacha injini ipoe, akaisugua kwa burashi na mafuta ya taa, akafungua kifuniko cha gia ndogo ya mbele inayovuta mnyororo, akachokoa tope lililogandamana humo, kisha akakausha kila kitu kwa kitambaa safi. Nilishangaa kuona rangi halisi ya injini ile. Halafu akachukua poda, ile ya watoto wachanga, akaipuliza pande zote. Akaongeza mafuta ndani, akawasha, tukakaa tukitazama. Kifuniko cha juu penye vali kilibaki cheupe. Ungio la silinda likabaki jeupe. Ila nyuma ya ile gia ndogo, pale shafti inapotoka ndani ya injini, poda ilianza kulowa. Mstari mwembamba ukashuka, ukafuata tumbo la injini hadi chini kabisa, na hapo ukakutana na bolti yangu. Mafuta mengine yalidakwa na mnyororo, ambao ukiwa mbioni huyatupa nyuma, kwenye tairi.

Ningedhani kazi imekwisha: kubadilisha ile pete ya mpira inayozuia mafuta kwenye shafti. Yeye akatafuta kibomba cha mpira ambacho injini hupumulia. Ncha yake ilikuwa imezibwa na tope lililokauka. Pistoni inapopanda na kushuka husukuma hewa ndani ya injini, nayo isipopata njia yake hujitafutia nyingine, hasa penye pete iliyochoka. «Ningeweka pete mpya na kukuacha uende,» alisema, «ungerudi kwangu mwezi huu huu.» Akazibua kibomba, akang'oa pete kuukuu iliyokuwa ngumu kama kucha, akapitisha kidole kwenye shafti kuhakikisha haijalika, akapaka mafuta kidogo kwenye mdomo wa pete mpya na kuigonga polepole kwa kipande cha bomba ili iingie bila kupinda.

Kisha akaifikia bolti. Alipomwaga mafuta ili aitengeneze, akayakinga kwenye kopo na kunionyesha kwamba yale yaliyokuwamo nilipofika hayakufika nusu ya kiasi kinachotakiwa. Siku chache zaidi, na pistoni ingeng'ang'ania ndani ya silinda. Tundu ilibidi lichongwe nyuzi upya kwa bolti nene kidogo, pamoja na washa mpya ya shaba, kwa kuwa washa hiyo ndiyo inayobonyea na kuziba. Kazi ya bolti iligharimu zaidi ya pete na kibomba kwa pamoja. «Haya mawili ni ya tope,» akasema. «Hili umelileta wewe.»

Fedha sikuwa nayo. Ilinibidi nimwite yaya.

Alikuja kwa miguu. Akaniuliza swali moja tu: «Tangu lini?» Nikamtajia siku ya dimbwi, nikamweleza kitambaa, majivu, bolti, na yule mama wa unga. Fundi alijifanya anatafuta spana. Yaya alilipa, na njia nzima kurudi nyumbani hakusema neno. Kwa juma zima aliendesha peke yake, asubuhi na mchana.

Jumatatu iliyofuata aliniwekea ufunguo juu ya meza. Kando yake palikuwa na kipande cha kartoni nyeupe. «Usiku utaitandika chini ya injini,» akasema. «Asubuhi utaniletea niione, hata ikiwa safi.»

Ile ya kwanza ilikuwa na tone moja, dogo kama punje ya mtama. Nilimpelekea kabla hajanawa uso.