SIKIO LA SIMBA

Wahenga walinena kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Mpenzi msomaji, mimi sikio hilo nimeliona kwa macho yangu, tena nimelinusa. Lilikuwa la mbwa wetu Simba.

Kwetu ni Makueni, upande wa Kibwezi, ambako jua halina huruma na maembe ndiyo karo. Simba si mbwa wa mapambo. Maembe yaanzapo kuiva mwezi wa Desemba, yeye ndiye askari wa shamba. Akilala siku mbili tu, tumbili huvuna kabla ya mama, na mnunuzi akija na lori hukuta kokwa zilizotafunwa. Kwa hiyo alipoanza kukung'uta kichwa usiku kucha, masikio yakipiga pa! pa! pa! kama makofi, si usingizi tu uliotupotea.

Nilimshika nikachungulia. Lo! Masikio yote mawili yalikuwa na uchafu mweusi kama machicha ya kahawa, na la kulia lilitoa harufu ya samaki wa juzi. Alikuwa amejikuna hadi ngozi ya nyuma ya sikio ikachubuka.

Mama alisema hana pesa za kumtibu mbwa ilhali mimi mwenyewe nilikuwa nimerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Sikumlaumu. Basi nikajifanya daktari. Ndani ya mkebe wa majani chai kabatini mlikuwa na kapsuli za rangi mbili ambazo kakangu alizibakisha alipougua koo, maana naye aliacha kuzimeza mara tu alipopata nafuu. Nikampa Simba moja ndani ya tonge la ugali, kesho yake moja, keshokutwa moja. Siku ya nne harufu ilipungua, nami nikatembea kifua mbele kama daktari bingwa. Wiki tatu baadaye makofi ya usiku yakarudi. Nikanunua kapsuli nne dukani, wala hakuna aliyeniuliza ni za nani. Zikasaidia kidogo. Mara ya tatu hazikufanya lolote.

Hapo ndipo susu, yaani nyanya yangu, alipoingilia kati. "Wachana na hizo dawa za duka," akasema. "Sisi tulitibu mbwa kabla hizo kapsuli hazijazaliwa." Alichemsha majani ya mwarobaini akamwosha Simba mwili mzima. Kidonda cha nyuma ya sikio akakisafisha kwa maji ya chumvi, akakipaka asali. Msomaji, kidonda kile kilianza kufunga katika siku chache tu! Nikasema kumbe dawa ndiyo hii. Tukapiga hatua nyingine. Tukaponda kitunguu saumu, tukakipasha moto ndani ya mafuta ya kupikia, tukamtilia sikioni.

Simba alilia sauti ambayo sijapata kuisikia tena. Alikimbilia chini ya ghala na hakutoka hadi kesho yake. Alipotoka alikuwa akitembea kichwa kimeinama upande wa kulia, akiyumba kama mlevi. Machozi yalinidondoka njia mbili mbili. Siku hiyo hiyo niliuza kuku wangu wawili, na daktari wa mifugo akaja kwa pikipiki.

Alimulika ndani ya sikio kwa kurunzi yake ndogo, akachukua uchafu kwa pamba. "Nani amekuwa akimpa dawa?" akauliza. Nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinieleza kuwa njia ya sikio la mbwa haikunyooka kama yetu. Hushuka chini kwanza kisha hukata kona kuelekea ndani, kama herufi L, hivyo uchafu na maji hukwama huko. Uchafu ule mweusi uliletwa na utitiri, wadudu wadogo mno wanaoishi masikioni. Wao huwasha, mbwa hujikuna, ngozi huchubuka, bakteria hupata mlango. Kapsuli zangu ziliwapunguza bakteria lakini utitiri hazikuwagusa, ndiyo maana ugonjwa ulirudi kila mara. Na kwa kuwa nilitoa dozi ya kukisia na kuikatiza, bakteria waliobaki ndio wale sugu. Baadaye mwalimu wetu wa Bayolojia alituambia kuwa Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka wa 1928, alionya juu ya jambo hilo hilo alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945. Nilijikunyata kwenye dawati langu. Ati bakteria sugu kama hao wanaweza kutoka kwa mbwa wakaingia kwa watu, na Simba hulala mlangoni kwa susu.

Nilidhani daktari angezikejeli dawa za susu. La hasha. Asali aliisifu, kwa sababu sukari yake nyingi huwanyonya bakteria maji, nayo ina asidi kidogo. Maji ya chumvi pia aliyakubali: kijiko kidogo kisichojaa ndani ya nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kidonda cha juu. Mwarobaini husaidia kufukuza viroboto. Ila kitunguu saumu, akasema, asipewe hata kukila, kwa maana jamii ya vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Hata utomvu wa manjano wa shubiri, mbwa akiulamba, humharisha. Na sikio lililotoboka kiwambo, kama hilo la Simba, halitiliwi kitu chochote cha nyumbani, kiwe cha mitishamba au la.

Kisha akauliza, "Mna paka?"

Paka tunaye, na usiku wa baridi hulala kwenye tumbo la Simba. Daktari alimkagua akamkuta na utitiri ule ule, bila hata kujikuna sana. Miezi yote hiyo tulikuwa tukimtibu mbwa, paka akimrudishia ugonjwa! Wote wawili walidondoshewa dawa ya utitiri shingoni. Simba alipewa pia viuavijasumu, safari hii vilivyopimwa kwa uzito wake, navyo nilimpa hadi cha mwisho huku susu akihesabu.

Amepona, ila sikio la kulia halisikii. Nikipiga mbinja nikiwa kulia kwake, hugeuka kushoto kunitafuta. Tumbili nao wameligundua hilo, siku hizi huingia kwa ua wa kulia. Kila Jumamosi ninayachungulia masikio yake na kuyafuta kwa kitambaa kikavu, halafu ya paka, ambaye hunikwaruza. Susu huketi kando akitazama, na asali yake ameiweka tayari kwa ajili ya mikono yangu.